Dirisha la Banda la Tatu

Ellerstedt,
Jumapili, tarehe 9 Februari 1964

Mpendwa ndugu yangu Gitla,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na Szymon, na ninaomba zikukuteni huko Malmö mkiwa na afya na moto wa kutosha ndani ya nyumba. Mimi sijambo, ila goti la kulia limeamua kuwa zee kabla yangu. Kifua cha Szymon kinaendeleaje? Mwambie avae ile fulana ya sufu niliyomfumia. Najua atasema inamwasha, lakini na kikohozi nacho hakimbembelezi. Kahawa uliyotuma imefika salama, ila mfuko ulipasuka pembeni, na tarishi alinikabidhi huku akinusa vidole vyake bila haya.

Hapa baridi ni ya kukata masikio. Juzi Bi Oberhauser, mke wa mwoka mikate, aliteleza mbele ya kanisa akakaa chini mzimamzima, kisha akainuka haraka na kutazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Tulimwona sote. Tulisubiri mpaka apite kona ndipo tukacheka, maana sisi ni watu wenye adabu.

Sasa nije kwenye barua yako. Nimeisoma mara nyingi mno, na kila nikiisoma naikunja na kuirudisha ndani ya bahasha kana kwamba haijafika. Unasema utakuja Aprili, nyumba ya kumbukumbu itakapofunguliwa pale kwenye kambi. Unasema siku hizi ziko mashine za kukuza picha mpaka kitu kidogo kikaonekana kikubwa, na unanitaka nilikuze lile dirisha la banda la tatu katika picha yenu mpaka liwe na ukubwa wa mlango, ili mdogo wako Fajga atokee. Halafu ukaandika kwamba Szymon amekuambia, kwa upole wake, kwamba homa huchanganya siku, na kwamba pengine mdogo wako alikuwa amekwisha kulala chini wakati picha ile ikipigwa. Ukaniuliza: “Traudl, wewe ndiwe fundi wa picha. Niambie kweli, au nina wazimu?”

Huna wazimu, Gitla. Nitakueleza yote, lakini niache niende kwa mwendo wangu, kwa sababu nikianzia mwisho kalamu itaniponyoka.

Nianze na habari za huku. Mwezi Novemba lilifika sanduku la bati kutoka Marekani. Limetumwa na binti yake Sajenti Tackett, yule mpigapicha wa jeshi aliyewakuta ninyi kambini. Sajenti amefariki, Mungu amrehemu, na binti alipopanga vitu vya marehemu alikuta chini ya kitanda negativu zote, yaani filamu zilizooshwa, za siku tatu alizopiga picha kambini, pamoja na picha arobaini na moja zilizochapwa katika studio yetu. Akaandikia mji wetu kwamba baba yake hakuwahi kuzionyesha kwa mtu, na wala hakuwahi kuzitupa. Mwalimu Straub, mwenyekiti wa kamati ya ile nyumba ya kumbukumbu, akaja kwangu na sanduku lile kwapani. Alisema nimebaki peke yangu wa studio ya zamani, basi nimsaidie kuchagua zipi zikuzwe na kutundikwa. Tulikaa siku mbili, mimi na yeye, bila kupika chochote. Picha yenu, wanawake kumi na wawili mbele ya banda la tatu, ndiyo aliyoichagua ya kwanza. Itatundikwa mlangoni.

Wewe unaijua hadithi ya picha ile kwa upande wako wa lenzi. Upande wangu hujapata kuujua, japo umelala nyumbani kwangu mara nne na mimi kwako mara mbili.

Mwaka ule wa arobaini na tano nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na miaka saba katika hiyo niliimaliza kwenye studio ya Bwana Dorsch. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza nyuso. Mteja anapigwa picha leo, filamu inaoshwa, kisha negativu inawekwa kwenye meza yangu ya kioo yenye mwanga chini yake. Nina penseli iliyochongwa nyembamba kama sindano, nina kisu kidogo kisichozidi kidole. Kwa penseli unajaza makunyanzi. Kwa kisu unakwangua kile ambacho kingetokea cheupe kwenye picha na hakitakiwi: doa la dawa, uzi uliokaa begani, nywele iliyopepea. Unabana pumzi, unakwangua taratibu, na mahali pale panakuwa peusi, hapana kitu tena. Bi Oberhauser alikuwa na nywele tatu kidevuni na kila mwaka aliniambia nimwachie moja tu, watu wasije wakasema si yeye. Mjini walitania kwamba Ellerstedt hakuna anayezeeka ila nyumbani kwake. Nilikuwa hodari, Gitla. Mkono wangu ulikuwa ukifanya kazi kabla sijauamuru, nami nilijivunia hilo.

Habari ya kambi tulikuwa nayo. Hilo nilikwisha kuungama kwako mwaka wa hamsini, kwamba nilivisikia viatu vyenu vya mbao kila alfajiri mkipelekwa kwenye kiwanda cha risasi, na kwamba nilishusha pazia nikisema jua linaniharibia meza. Jioni ile ulinipakulia supu. Leo sirudii hilo.

Ilikuwa mchana wa Aprili. Sajenti Tackett aliingia studioni na matope mpaka magotini, akaweka juu ya kaunta mfuko wa filamu. Maabara ya jeshi lao ilikuwa mbali na yeye alitaka picha kesho yake, kabla mtu hajasema mambo yale hayakutokea. Bwana Dorsch alikimbia ndani akarudi amevaa tai. Mzee alidhani ni ukaguzi. Sajenti alikuwa na Kijerumani cha kuokoteza, lakini alichotaka tulikielewa. Alitazama meza yangu, akakiinua kisu changu, akauliza ni cha nini. Nilipomweleza, alikirudisha mezani akanikazia macho. “Hizi usiguse,” alisema. “Hakuna kutengeneza. Hata unywele. Umenielewa, bibie?” Nikasema nimeelewa. Bwana Dorsch akasema nasi tumeelewa, bwana mkubwa, akainama mara mbili.

Tuliosha filamu mchana kutwa. Unajua katika negativu cheusi ni cheupe na cheupe ni cheusi, ndiyo maana mwanzo sikuelewa nilichokuwa nakiona. Nilidhani ni rundo la nguo za kufua. Nilishangaa kwa nini mtu ametoka Marekani kuja kupiga picha za nguo chafu. Ilipochapwa ya kwanza na kutokea kwenye karatasi ndani ya maji ya dawa, Bwana Dorsch alitoka nje akatapika kwenye bustani ya mkewe, kisha akarudi akafuta mdomo na kusema tuendelee. Mimi sikutapika. Nililia huku nafanya kazi, machozi yakiingia kwenye dawa.

Siku ya pili sajenti aliamuru zile picha za maharusi zitolewe kwenye dirisha la duka na hizi ziwekwe badala yake. Watu wa mji walianza kupitia ng'ambo ya barabara. Mama mmoja, mtu mwema, aliyekuwa akiniletea mayai, aliingia akaninong'oneza: “Traudl mwanangu, si ungezitengeneza kidogo tu? Watoto wanapita hapa.” Nikamjibu nimekatazwa. Nilimjibu kwa kiburi, maana wakati ule nilikuwa nimekwisha kufanya nitakalokueleza, na hakuna mtu mwenye kiburi kama mwenye kitu cha kuficha.

Ulipokuja mwezi wa sita kuuliza habari za picha, ulikuwa umevaa koti la kiume na nywele zako zimeota kiasi cha ukucha. Sajenti ndiye aliyekuelekeza. Nilikutolea picha, ukaitazama kwa muda mrefu. Hukujitazama wewe mwenyewe. Ulitazama nyuma yako. Ukaniambia kwamba ulimwita mdogo wako atoke asimame nanyi, na yeye akakataa, anaona aibu kupigwa picha na kichwa kilichonyolewa, akasema atatazama kutoka dirishani. Ukaniambia alikufa siku ya nne baadaye kwa homa ya taifasi, na Wamarekani wako pale, na maziwa yako pale. Ukasema: “Hapa dirishani pangekuwa na mtu.” Mimi nikakwambia mwanga haukufika ndani ya banda. Nilikwambia hivyo nikiwa nimesimama wima, kwa sauti ya fundi. Ukatikisa kichwa, ukanunua bahasha.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na miaka kumi na tisa. Umeniandikia barua ngapi ukiuliza juu ya mwanga ule? Umenieleza namna unavyoiweka picha ile juu ya kabati kila mwaka, siku aliyofariki Fajga, na mshumaa mbele yake, ingawa haonekani. Mume wangu alipofariki ulikuja kwa treni siku mbili ukanifulia mashuka. Kila mara nilisema nitakwambia, na kila mara wema wako ulinifunga mdomo. Mficha uchi hazai, na mimi hakuna nilichozaa katika urafiki huu kisichokuwa na doa.

Basi sikia. Mwanga ulifika, Gitla.

Usiku ule wa kwanza nilikuwa peke yangu na negativu zikikauka kwenye kamba. Niliichukua ile yenu kuitazama kwenye meza ya kioo, kutazama tu. Ilikuwa kubwa, kiasi cha kiganja, safi sana. Sajenti alikuwa bingwa. Nyuma yenu, katikati ya dirisha, palikuwa na alama kadiri ya punje ya dengu. Katika negativu ilikuwa nyeusi, maana yake kwenye picha ingetokea nyeupe. Nikaona ni doa la dawa. Naapa kwa kaburi la mama yangu, niliona doa. Nilikuwa nimechoka, macho yamevimba, na mkono ukafanya ulichofanya kila siku kwa miaka saba. Ulikwisha kushika kisu na kukwangua mara moja, kutoka chini kwenda juu, kabla sijakumbuka kwamba nimekatazwa.

Nikasimama. Nikachukua lenzi ya kukuzia nikatazama. Lilikuwa na macho.

Hapo ndipo ningeweza kukiweka kisu chini. Ningekwenda kwa sajenti asubuhi nikamwambia nimekosa, na wewe leo ungekuwa na nusu ya uso wa mdogo wako. Nusu, Gitla, si haba. Watu wengi wa kwenu hawana hata hiyo. Lakini niliwaza: akiona uso uliochubuliwa atajua kuna aliyegusa. Atasema Wajerumani wameanza kufuta. Atanipeleka kwa wakubwa wake. Dirisha lililochubuka linaonekana, dirisha jeusi halionekani. Kwa hiyo nilibana pumzi nikamaliza. Nilimaliza vizuri, kwa ustadi wangu wote, nikalainisha na kingo. Ule mkwaruzo wa kwanza ulikuwa wa mkono. Uliobaki ulikuwa wangu mimi, nikijua ninachokifanya, nikiogopa kwa ajili ya ngozi yangu mbele ya picha za watu wasiokuwa tena na ngozi ya kuogopea.

Asubuhi Bwana Dorsch aliielekeza negativu ile kwenye mwanga akaitazama, akaniuliza kama nimegusa. Nikamwambia la. Mzee alikuwa na jicho kali kuliko langu. Akasema, “Haya,” akaenda kuichapa. Alikufa mwaka wa hamsini na moja bila kunitajia neno hilo tena.

Sanduku la bati lilipofika nilikuwa na tumaini la kijinga. Niliwaza labda sajenti alipiga mara mbili, labda kuna filamu nyingine. Nimezipitia zote kwa lenzi, usiku na mchana. Mahali pale alipiga mara moja tu. Na mashine ya kukuza, hata iwe kubwa kama nyumba, haiwezi kukuza kilichokwanguliwa. Ndiyo maana nakuandikia sasa, usije ukasafiri siku mbili, ukasimama mbele ya picha kubwa kama mlango, ukatazama dirisha jeusi na kurudi kwa Szymon ukiamini kwamba akili yako ilikudanganya.

Nimekwisha kumwambia Mwalimu Straub. Akaniuliza, “Bi Pöhlmann, sasa hili unalisema kwa faida ya nani?” Nikamwambia nataka chini ya picha iandikwe kwamba dirishani alikuwamo Fajga Wajnsztok wa Łódź, mwenye miaka kumi na sita, na kwamba uso wake ulikwanguliwa kwenye negativu na mimi, Irmtraud Pöhlmann, mtengeneza picha wa mji huu. Akasema kamati haitapenda, watu watasema tunajianika. Nikamwambia basi kamati itafute mtu mwingine wa kuchapa picha zake. Jana amerudi, hana raha, akasema wamekubali, ila Bi Oberhauser anauliza kwa umri huu ninajitafutia nini. Nimemwambia ampe salamu zangu, na zile nywele tatu bado nazikumbuka. Lakini maneno hayo hayatapigwa chapa mpaka wewe uyaridhie. Ni mdogo wako, jina ni lake. Ukisema nisiliandike karibu na langu, nitaelewa.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Msamaha ni wako, utautoa ukitaka au utauzuia, na mimi sitakuuliza. Ninachoweza kukupa ni kile nilichokiona, kwa sababu duniani watu waliomwona Fajga pale dirishani ni wewe na mimi tu, na wewe ulikuwa umempa mgongo.

Alikuwa amesimama karibu na kioo, si ndani gizani. Mkono wa kulia ameushika ubao wa dirisha, vidole vinne vimetokeza nje. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa cha mistari, na fundo lake halikuwa nyuma, lilikuwa upande, juu ya sikio la kushoto, limevutwa kama ua. Habari ya kitambaa hujapata kunisimulia katika miaka yote hii, kwa hiyo utajua kwamba siisemi kwa kukufurahisha. Macho yake hayakuitazama kamera. Yalikuwa yamekuinamia wewe, pale kwenye bega lako ambapo blanketi lilikuwa linateleza. Alikuwa hai, na alisimama kwa miguu yake. Szymon mwambie hivyo, na umwambie nimesema mimi.

Usiniulize kama alikuwa akitabasamu. Mdomo ndio nilioanza nao.

Niwie radhi kwa mwandiko, mkono umechoka. Mpe Szymon salamu zangu, na yule jirani yako wa ghorofa ya chini. Aprili nitakuwa stesheni treni ya saa tisa itakapoingia, nitasimama mwisho wa jukwaa, mbali kidogo, ili ukitaka kupita bila kunisemesha uweze kupita. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri.

Ni mimi niliyekukosea,
Irmtraud